Nani Atanunua Mbuzi kwa Kompyuta?

Wiki iliyopita nilikuwa steji ya Kitengela nikingoja gari la Isinya. Msee tuliyesoma naye sekondari akanishika bega, akatoa simu. Alikuwa amelipa shilingi 2,500 kuingia kwa grupu ya WhatsApp inayoahidi "biashara 50 za mtandaoni zinazolipa". Tukaanza kusoma orodha pamoja. Namba moja, uza bidhaa za watu kwa kamisheni. Namba mbili, fungua duka la mtandaoni bila bidhaa. Namba tatu, fundisha watu biashara za mtandaoni.

Nikamwambia hiyo namba tatu ndiyo umefanyiwa wewe.

Alicheka, lakini si kwa furaha. 2,500 si pesa ya kuchezea ukiwa bado unalala kwa mathe. Akaniuliza, "Sasa wewe mwenye unakaanga mambo ya mtandao kila siku, niambie, gani inalipa?" Makanga alikuwa anapiga kelele, gari limebakisha mtu mmoja, nikaingia bila kumjibu. Hili hapa ndilo jibu. Ni refu kidogo kwa sababu linaanza kabla sisi hatujajua kusoma.

Ukirudi nyuma miaka ishirini na kitu, utaona kwamba biashara za mtandao na simu zilizoingiza pesa hapa Kenya hazingewahi kutokea kwa orodha ya mtu. Zilikuwa mawazo ya kuchekwa. Ukimwambia mzee wako, anauliza kama umekula.

Mbuzi

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, intaneti ya Kenya ilikuwa kitu cha saiba. Ilitoka angani kwa setilaiti, ikawa ghali na pole. Unalipa kwa dakika, unafungua ukurasa mmoja, unangoja picha ishuke kutoka juu kwenda chini kama pazia. Wakati huo ndio watu fulani, akiwemo Segeni Ng'ethe, walianzisha duka la mtandaoni linaloitwa Mama Mikes.

Sasa jiulize, duka la mtandaoni la kumuuzia nani? Wengi nyumbani hawakuwa na kompyuta wala kadi ya benki ya kulipia. Lakini mnunuzi hakuwa nyumbani. Mnunuzi alikuwa Mkenya aliye majuu, Marekani au Uingereza, anayefanya shifti mbili na kila mwezi anatuma kitu kwao. Mkenya huyo aliingia kwa hiyo tovuti, akalipa na kadi yake kule, na huku mamake akaletewa vocha ya supamaketi, kredo ya simu, maua, au mbuzi. Ndiyo, mbuzi mzima, anayelia.

Ukimweleza mtu hiyo mwaka 2002 angekuambia nani atanunua mbuzi kwa kompyuta. Lakini waulize wazazi wako jinsi pesa za majuu zilikuwa zinafika. Unamtumia binamu kwa sababu yeye ndiye ana kitambulisho na yuko karibu na mji. Binamu anatoa pesa, anakata kidogo ya nauli, kidogo ya soda, kidogo ya "niliazima tu". Mabati ya nyumba ya shosho yanaishia kwa baa, na kila Disemba kuna vita ya familia. Mtu wa majuu alikuwa tayari anatuma, na tayari analipia huo usumbufu, kwa pesa na kwa machozi. Vocha ya supamaketi haibadilishwi kuwa bia kirahisi, na mbuzi akifika kwa boma kila mtu amemwona. Kilicholipiwa pale kilikuwa uhakika. Mbuzi ni kifungashio tu.

Kredo

Hii ya pili unaijua mwisho wake, lakini ngoja nikuambie mwanzo.

Kabla ya 2007, mtu wa Nairobi akitaka kutuma pesa ushago alikuwa na njia chache: dereva wa basi, posta, au rafiki anayeenda huko. Zingine zilifika, zingine zilipotea na dereva. Kwa hivyo watu wakabuni yao. Unanunua kadi ya kukwaruza, unampigia ndugu yako, unamsomea zile namba. Yeye anaingiza kredo kwa simu yake au anaiuza kwa mwenye kioski, ambaye anampa pesa taslimu na kukata kidogo. Watafiti waliona tabia hiyo pia Uganda, Ghana na Botswana. Hakuna kampuni iliyowafundisha. Watu waligeuza kredo ikawa pesa kwa sababu walikuwa na shida.

Mwaka 2005 Vodafone ya Uingereza na Safaricom wakaanza jaribio dogo, kwa msaada wa pesa za serikali ya Uingereza. Waliokuwa wanaliongoza ni Nick Hughes na Susie Lonie. Na wazo lao la kwanza halikuwa kutuma pesa! Lilikuwa kusaidia wateja wa Faulu, shirika la mikopo midogo, kulipa mikopo yao kwa simu. Jaribio lilikuwa na maejenti wanane na wateja kama 500 hivi, Nairobi na Thika.

Halafu wateja wakaanza kufanya vitu ambavyo hakuna aliyewaambia wafanye. Mtu anaweka pesa kwa ejenti asubuhi, anasafiri, anazitoa akifika, ili asiibiwe njiani. Mwenye biashara anaacha mauzo ya siku kwa simu usiku kucha kwa sababu benki imefungwa. Wengine wakalipana wenyewe kwa wenyewe. Ile kazi ya mikopo ikawa ngumu kuunganisha na vitabu vya Faulu, lakini hizi tabia zingine zilikuwa zinajiendesha. Kwa hivyo wakatupa sehemu iliyokuwa ngumu, wakabaki na ile watu walikuwa wameichagua wenyewe. Machi 2007 M-Pesa ikatoka na ujumbe mmoja rahisi: tuma pesa nyumbani.

Si kila mtu alifurahi. Disemba 2008, John Michuki akiwa kaimu waziri wa fedha, aliagiza M-Pesa ikaguliwe huku mabenki yakinung'unika. Ukaguzi ukapita, huduma ikabaki. Mwaka wa fedha ulioisha Machi 2024, M-Pesa iliingizia Safaricom takriban shilingi bilioni 140. Hiyo ni biashara iliyoanza na mtu anayesoma namba za kadi kwa simu, akirudia "nne, nne tena, saba, umeandika?"

Taa

Ya tatu iko karibu na sisi wa Kajiado. Toka Kitengela, pita Isinya, ingia ndani mbali na barabara ya Namanga. Kuna maboma ambayo nyaya za stima zimepita juu yao kwa miaka bila kushuka. Watu huko walikuwa wananunua mafuta ya taa ya koroboi, kila siku, kwa kipimo cha kikombe. Ukijumlisha mwaka mzima, unapata bei ya sola. Lakini nani ana pesa ya mwaka mzima siku moja?

Mwaka 2012 M-KOPA ikaanza kuuza taa za sola kwa lipa mdogo mdogo. Nick Hughes, yule yule wa M-Pesa, alikuwa mmoja wa waanzilishi. Unatoa amana, halafu unalipa kama shilingi 40 kwa siku kwa M-Pesa. Ndani ya kifaa kuna laini ya simu. Usipolipa, kinajizima. Ukilipa, kinawaka.

Fikiria ukienda benki wakati huo na hilo wazo: nataka kukopesha watu wasio na pesilipu, wasio na dhamana, wanaoishi mahali ambapo gari la kukusanya madeni halifiki. Wangekuonyesha mlango. Lakini M-KOPA waliona kitu kimoja: huyu mtu tayari analipa kila siku, analipia moshi tu. Leo kampuni hiyo imehudumia wateja zaidi ya milioni 3 Afrika, na wengi siku hizi wanaijua kwa simu za lipa mdogo mdogo. Ukiangalia vizuri, pengine hiyo simu uliyoshika ni yao.

Umeshaanza kuona mstari? Kwa zote tatu, mteja alikuwa tayari anafanya hicho kitu, na alikuwa tayari anakilipia, ila kwa njia mbaya, polepole, na kwa hasara. Hakuna aliyekaa chini akafikiria wazo zuri kisha akaenda kutafuta mtu wa kulinunua. Walianza na shida iliyokuwa na bei tayari.

Kama hadithi ingeisha hapo, ingekuwa rahisi, na mimi pia ningekuuzia darasa. Lakini kuna ya nne, na hiyo niliifanya mwenyewe.

Karatasi za chuo

Mwaka 2009 nyaya za chini ya bahari zilifika Mombasa, TEAMS na SEACOM. Intaneti ikaacha kutoka angani, ikawa haraka, na pole pole ikawa rahisi. Kenya ilikuwa na vijana wengi waliosoma kwa Kiingereza, wanaojua kuandika insha, na hawana kazi. Upande mwingine wa dunia kulikuwa na wanafunzi wa vyuo wenye pesa na wasio na wakati, au wasiotaka. Waya uliunganisha hawa wawili.

Ikazaliwa biashara ya kuandikia wazungu kazi zao za chuo. Sisi tunaiita tu "kuandika". Ukisikia jirani yako Juja, Roysambu au hapa Kitengela anasema yeye ni raita, na taa yake inawaka hadi alfajiri, hakuwa anaandika riwaya. Ilikua hadi Septemba 2019 gazeti la New York Times likaandika habari ndefu kuhusu Wakenya wanaofanya kazi hiyo. Mwaka 2024 ikatengenezewa filamu, The Shadow Scholars, inayomfuata Patricia Kingori, profesa wa Oxford mwenye asili ya Kenya. Nchi zingine zilitunga sheria. Uingereza ilipiga marufuku uuzaji wa hizo kazi mwaka 2022.

Mimi niliingia chuo 2021. Mwaka huo huo nikaanza kuandika. Sikuwa na akaunti yangu kwa zile tovuti. Akaunti yenye nyota nyingi ilikuwa mali, watu waliuziana kama shamba. Kwa hivyo niliandika chini ya msee mmoja mwenye akaunti, akinilipa shilingi 300 kwa ukurasa. Yeye alilipwa zaidi na tovuti, na tovuti ililipwa zaidi na mwanafunzi. Saa tano usiku kazi zinaanza kushuka, kwa sababu kule ni mchana. Nalala saa kumi na moja. Lekcha ya saa mbili asubuhi, ngoja uone kama nitaenda.

Mwaka wa pili karo ikakwama. Ningeweza kuomba muda. Ningeweza kumwambia mathe mapema. Lakini wiki nzuri ilikuwa inaniletea shilingi elfu sita, na nilijiona nimeshashinda maisha. Nikaacha chuo ili niwe na wakati wa kuwaandikia watu wa chuo. Soma hiyo sentensi tena, mimi mwenyewe bado inanichoma.

Na kuna moja ambayo sijawahi kusema hapa. Kazi nyingi nilizopewa zilikuwa za uuguzi. Usiku mmoja niliandika karatasi kuhusu kukokotoa dozi ya dawa ya mtoto kulingana na uzito wake. Nilisoma, nikaelewa, nikaandika vizuri, nikapata alama ya juu. Yaani mwanafunzi alipata. Mtu huyo leo huenda ni nesi mahali fulani. Natumaini alienda kusoma baadaye. Nikikuambia hii biashara ililipa, usisahau kuuliza ilimlipa nani na nani alibeba hasara.

Novemba 30, 2022, ChatGPT ikatoka. Kufikia katikati ya mwaka uliofuata, msee wa akaunti alikuwa ananitumia kazi mbili kwa wiki, halafu moja, halafu salamu tu. Mwanafunzi wa majuu alikuwa amepata mtu anayeandika kwa sekunde na halali. Januari 2023 jarida la TIME likaripoti kwamba baadhi ya waliosaidia kuifunza hiyo mashine isitoe maneno machafu walikuwa wafanyakazi hapa Nairobi, wakilipwa chini ya dola 2 kwa saa. Kwa hivyo Mkenya mmoja alipoteza kazi ya usiku kwa mashine ambayo Mkenya mwingine aliisafisha mchana.

Mlango ni wa nani?

Hapo ndipo nilijifunza sehemu ya pili ya somo, ile ambayo hao wa orodha ya 50 hawaisemi. Kujua shida yenye bei ni nusu. Nusu nyingine ni kujua nani anashika mlango ambao mteja anapitia.

Angalia Skiza. Ilianza 2009. Wazo lenyewe ni la ajabu kuliko mbuzi: unalipia wimbo ambao wewe husikii, anausikia anayekupigia. Na watu walilipa, mamilioni ya watu, kwa sababu tayari walikuwa wanapenda kujionyesha kwa simu. Lakini uliza wasanii. Kwa miaka wamelalamika kwamba mgao unapita kwa mikono mingi kabla ya kuwafikia. Wimbo ni wao, mlango si wao.

Mimi nilikuwa na kipaji, nilikuwa na mteja, na mteja hakuwahi kujua jina langu. Sikuwa na namba yake. Siku mlango ulipofungwa, sikuwa na mtu hata mmoja wa kumwambia nimehamia hapa. Miaka miwili ya kazi na kitabu changu cha wateja kilikuwa tupu.

Kwa hivyo ukiona biashara yoyote ya mtandaoni, uliza maswali mawili tu. Kwanza, nani tayari anahangaika na hili na tayari linamgharimu? Pili, mteja akinitaka kesho, na hii programu ikiwa imefungwa, atanipata vipi?

Isinya

Kwa nini nilikuwa nangoja gari la Isinya? Naenda kupiga video za mbuzi.

Kuna mzee huko anafuga. Zamani alikuwa anauza kwa mabroka, wanakuja bomani, wanamwambia bei ya mjini imeshuka, anakubali kwa sababu hana njia ya kujua. Upande huu wa Kitengela, watu wa mitaani wakitaka mbuzi wa ruracio, Idd au Krismasi wanazunguka sokoni, hawajui kuchagua, wanapigwa bei ya mgeni. Wote wawili walikuwa wanalipia shida. Mimi nikaingia katikati na simu.

Nilipomwambia mzee mara ya kwanza alinitazama sana. "Kijana wangu, nani atanunua mbuzi kwa simu?" Nilitaka kumweleza habari za Mama Mikes, nikaona nimwonyeshe tu.

Mwanzo ulikuwa mbaya. Mteja wa kwanza alimkataa mbuzi mlangoni. Kumbe kwa video kila mbuzi ni mkubwa, hasa ukichuchumaa ukipiga. Nikamrudisha mbuzi kwa hasara ya nauli. Siku hizi namweka kwa mizani, kamera inasoma kilo, na mteja anamaliza kulipa akishamwona. Mwezi uliopita tuliuza 11. Mimi nabaki na shilingi 500 kwa kila mmoja. Piga hesabu, ni 5,500. Haifiki hata ile wiki yangu nzuri ya kuandika, na sitakudanganya kwamba nimetajirika.

Lakini nina daftari. Kila aliyenunua, jina lake na namba yake viko humo kwa kalamu, na mtaa wake, na mwezi ambao huwa na sherehe. TikTok ikifungwa kesho, WhatsApp ikinizima, nitawapigia mmoja mmoja kutoka simu ya kabambe. Na mzee ana namba zao pia. Nilimwandikia mwenyewe, kwa sababu mimi najua vile inauma kufanya kazi kwa mlango usio wako.

Yule msee wa steji nimemtumia ujumbe jana. Sikumpa wazo la biashara. Nimemwambia azunguke mtaani kwao wiki moja, aandike kila kitu ambacho watu wanakilipia huku wakilalamika. Amenijibu kwamba kwao Noonkopir watu wananunua maji kwa mtungi kila asubuhi, na hakuna anayejua gari la maji litafika saa ngapi.

Nimemwambia hapo sasa tunaongea. Jumamosi tunakutana steji saa mbili. Aje na daftari.